Panya wasio na CFTR wanaziba utumbo wakiachishwa ziwa: tuwaokoe vipi bila kuharibu vipimo?

Mwalimu wa Mikindani
Habari za saa hizi wadau. Hapa Mtwara tunaandaa andiko la utafiti kuhusu ugonjwa wa utumbo wa saistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaofanya ute wa mwili kuwa mzito na kunata. Tumechagua panya wa maabara wenye jeni ya CFTR iliyozimwa, wale wa S489X (jina la badiliko lililoizima jeni hiyo). Wengi wao hufa kwa kuziba utumbo karibu na siku ya kuachishwa ziwa. Wanatunzwaje mpaka wafike ukubwani? Dawa ya kulainisha choo haiharibu matokeo? Na je, tuwafuge hapa hapa Mtwara au tupokee tishu tu?

Ute na Utumbo
Mwalimu, tuanze na sababu, ndiyo itakayokuamulia mengine yote. CFTR ni mlango wa kloraidi na bikabonati kwenye seli za utumbo. Ukikosekana, maji hayatoki ya kutosha, na ute unabaki umekunjamana kama ulivyofungwa ndani ya seli, kwa sababu bikabonati ndiyo huiondoa kalsiamu inayoufunga. Anayepika mlenda anaijua kazi ya magadi. Hapa anayekosekana ni bikabonati, ndugu yake magadi. Maziwa yanapita kwa shida ndogo, lakini chakula kikavu kikianza, karibu siku ya 21, ute unashikana na makapi na utumbo mwembamba unaziba sehemu ya mwisho.

Chaguo lenu ni zuri. Panya hawa walitengenezwa Chapel Hill, Marekani, mwaka 1992, na mapafu yao hayaugui kama ya binadamu. Kongosho lao nalo haliharibiki sana, kwa hiyo mnachokiona utumboni kinatokana zaidi na utumbo wenyewe. Nguruwe waliozimwa jeni hiyo hiyo mwaka 2008 wote huzaliwa wameziba, hali inayowapata watoto wachanga 15 hadi 20 katika kila 100 wenye ugonjwa huu, ila kongosho lao limeshaharibika tangu kuzaliwa na hawaponi bila upasuaji. Fereti, mnyama wa jamii ya kicheche, akizimwa jeni hiyo, karibu robo tatu yao huzaliwa wameziba.

Maji ya kunywa kwa lita 1: PEG 3350 (ndiyo dawa ya kulainisha choo) gramu 59, sodiamu salfeti gramu 5.7, sodiamu bikabonati gramu 1.7, chumvi ya kawaida gramu 1.5, potasiamu kloraidi gramu 0.74. Anza siku ya 17 au 18, watoto wanapoanza kudokoa chakula cha mama. Ukingoja siku ya 21 umechelewa. Usiweke chupa ya pili ya maji matupu, maana wataikimbilia hiyo. Ondoa matandiko ya nyuzinyuzi, kwani wanayatafuna na yanaziba. Pima uzito kila siku hadi siku ya 40. Aliyejikunja mgongo, manyoya yamesimama, tumbo limejaa na hakuna kinyesi, asiachwe hadi kesho. Akatishwe maisha kwa utaratibu ulioidhinishwa, siku hiyo hiyo.

Kipimo cha jeni ni PCR (kipimo cha kunakili DNA) ya kipande cha sikio. Meno ya mbele ya mgonjwa huwa meupe kama chaki badala ya njano, ila hiyo ni dalili ya kukushtua tu, isichukue nafasi ya PCR.

Chemba ya Ussing
Naongezea swali la pili, maana ndilo linaloangusha maandiko mengi. PEG inabadilisha matokeo, ndiyo. Utumbo mwembamba wa panya hawa hujaa bakteria zaidi ya mara 40 ya kawaida, na PEG huwapunguza sana. Anayepima bakteria au uvimbe kwa panya wanaokunywa PEG anapima ugonjwa uliotibiwa nusu. Kwa hiyo ndugu zao wazima wanywe PEG ile ile, na mpango uonyeshe makundi yote mawili, yanayoipata na yasiyoipata.

Kwenye chemba ya Ussing, kifaa kinachopima mkondo wa umeme unaopita kwenye kipande cha utumbo, weka glukosi milimola 10 upande wa damu na manitoli (sukari isiyofyonzwa) upande wa ute. Foskolini, kemikali inayoiamsha CFTR, mikromola 10 itapandisha mkondo kwa tishu nzima, na kwa isiyo na CFTR haitapandisha. Mwishoni weka glukosi upande wa ute: mkondo ukipanda, tishu iko hai. Bila hatua hiyo, tishu iliyokufa mezani itaandikwa kuwa ni mgonjwa.

Jambo jingine: S489X haitoi protini yenye kazi, kwa hiyo ivakafto, dawa inayosaidia mlango wa CFTR kufunguka, haina cha kusaidia hapo. Anayetaka kujaribu dawa hiyo atafute fereti wa G551D, badiliko jingine la jeni ambalo mlango upo ila haufunguki vizuri.

Fundi Tishu
Kuhusu Mtwara: msifuge. Chumba cha panya kinataka nyuzi 20 hadi 26 usiku na mchana, na joto la pwani yetu pamoja na umeme kukatika vitaua panya wagonjwa kabla ya utumbo kuziba, nanyi hamtajua kipi kimewaua. Pokeeni tishu.

Waambieni washirika watakaowafuga panya na kuwatumia tishu wasitumie fomalini kwa kazi ya ute, inausinyaza. Watumie methanoli sehemu 60, klorofomu 30, asidi asetiki kali 10, na wasiusuuze utumbo ndani. Wagandishe kwenye nta huko huko, watume vibonge. Klorofomu haisafiri kwenye basi. Vikifika visikae kwenye jua, nta ikilainika sura ya tishu inapotea.

Mwalimu wa Mikindani
Ahsanteni sana. Na wale waliowekewa CFTR ya binadamu utumboni tu? Nasikia hawahitaji PEG.

Ute na Utumbo
Wapo tangu mwaka 1994 na wanaishi vizuri, Mwalimu. Lakini wameponywa pale pale unapotaka kupima. Wanamfaa anayechunguza viungo vingine. Kwenu wanaweza kuwa kundi la kulinganishia tu. Na kama mnataka wagonjwa wengi kwa mzazi mmoja, dume mgonjwa wa panya huzaa: akipandishwa kwa jike mbebaji (mzima mwenye nakala moja ya jeni iliyozimwa), nusu ya watoto wanatarajiwa kuwa wagonjwa badala ya robo.