Uzamivu Ujerumani au Kanada: njia ipi hufikisha mapema kwenye ukaazi wa kudumu?

Mwana wa Ujiji
Wanajukwaa, habari za kazi. Nimepata nafasi mbili za shahada ya uzamivu, moja Ujerumani na nyingine Kanada, zote katika utafiti wa samaki wa maji baridi, nami natakiwa kujibu kabla ya mwisho wa mwezi. Zote zinalipiwa. Nia yangu, nisiwafiche, ni kupata ukaazi wa kudumu baada ya masomo na kuhamia huko na familia. Nichague ipi?

Mama Nuru, Mwanga
Ndugu yangu, umeuliza bei ya shamba bila kutaja ekari. Zinalipiwa na nani, na kwa utaratibu gani? Ujerumani kuna mwanafunzi wa uzamivu mwenye mkataba wa ajira chuoni, na kuna anayepokea posho ya ufadhili tu. Wa kwanza hukatwa michango ya pensheni kila mwezi, wa pili hakatwi. Mhitimu wa chuo cha huko anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka 2 ya kazi inayolingana na elimu yake, mradi awe na michango ya miezi 24 na Kijerumani cha kiwango cha B1, yaani cha kati. Taja na umri wako, na kama wewe ni mtumishi wa umma.

Kazeh
Kanada, bila kusita. Ukihitimu unapewa kibali cha kazi cha hadi miaka 3 hata kama hujapata mwajiri, na mwaka 1 wa kazi ya kitaalamu unakufungulia Express Entry, mfumo wao wa kuomba ukaazi wa kudumu kwa kushindanishwa kwa alama. Kijerumani atajifunza lini mtu anayeshinda maabara?

Mama Nuru, Mwanga
Kazeh, umeruka palipo pagumu. Kazi aliyoifanya akiwa mwanafunzi wa muda wote haihesabiwi katika mwaka huo, na alama za umri huanza kupungua mtu anapofikisha miaka 30.

Mzee wa Isevya, Tabora
Nitasema la Marekani, ingawa halikuulizwa, kwa kuwa viza ndiyo iliyonirudisha. Nilikwenda kwa J-1, viza ya programu za kubadilishana wasomi, nikilipiwa na fedha za serikali yao, na ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo changu ilinihakikishia kwamba J-1 na F-1, viza ya kawaida ya mwanafunzi, ni mamoja. Chini ya viza yenyewe, kwa herufi ndogo, palichapwa kwamba nabanwa na kifungu cha 212(e) cha sheria yao ya uhamiaji, wala hakuna aliyenifafanulia. Nilipohitimu, maabara ya chuo kikuu kimoja ilitaka kuniajiri kwa H-1B, viza ya kazi ya kitaalamu, ambayo kwa vyuo vikuu haipitii bahati nasibu ya kugawa viza. Mwanasheria akaigeuza pasipoti yangu kwenye mwanga, akausoma ule mstari mara mbili, akaniambia kwamba kabla ya H-1B au grini kadi, yaani ukaazi wa kudumu wa huko, ni lazima nikae nyumbani miaka 2. Niliomba kuondolewa sharti hilo nikakataliwa, na maabara ikamwajiri mwingine.

Mwana wa Ujiji
Pole sana, mzee wangu. Umri wangu ni miaka 34. Ujerumani ni mkataba wa ajira wa asilimia 65 ya muda kamili wa kazi. Kanada ni posho kutoka kwa msimamizi. Ni mtumishi wa umma, nitaondoka kwa ruhusa ya masomo, na nimejaza fomu ya kurudi kumtumikia mwajiri.

Mama Nuru, Mwanga
Hilo la mwisho ndilo ungeanza nalo! Kwa umri huo na mkataba huo mimi ningekwenda Ujerumani, lakini fomu kwanza.

Kazeh
Je, unajua Kifaransa? Ninyi mnaovuka kwenda Bujumbura na Kalemie hamkosi. Kanada imekuwa ikiwaita wenye Kifaransa kwa alama za chini kuliko wengine.

Mha wa Kasulu
Mnamshauri apoteze uraia? Tanzania hairuhusu uraia pacha.

Mzee wa Isevya, Tabora
Ukaazi si uraia, kijana. Mkaazi wa kudumu hubaki na pasipoti yake ya Tanzania.

Mha wa Kasulu
Huanza hivyo hivyo, shikamoo. Wajerumani tangu Juni 2024 wanakubali uraia zaidi ya mmoja, na anayebanwa na sheria ya nyumbani ni sisi.

Mama Nuru, Mwanga
Tumeliacha swali. Fomu hiyo inakutaka urudi kwa miaka mingapi, na nani aliyekudhamini?

Mwana wa Ujiji
Aliyenidhamini ni shemeji yangu. Miaka sikumbuki, nakala iko masijala, nitaiomba Jumatatu. Kifaransa ninacho cha sokoni tu.