Kuroweka mbegu za mboga kabla ya kupanda

Mkulima wa Kisauni:
Assalaam aleikum, wakulima wenzangu. Bustani yangu huimwagilia kwa maji ya kisima. Mbegu za mabenda na karela huota kwa kupishana mno, hata mche mmoja huwa umeshatoa majani ilhali wa jirani yake haujachomoza, na za saladi karibu zote huozea kitaluni. Je, kuroweka kutasaidia, na ni kwa muda gani?

Mzee wa Likoni:
Waaleikum salaam, mwanangu. Mabenda yana ganda gumu, nayo maji hupenya katika kila mbegu kwa wakati wake. Ndiyo sababu ya kupishana huko. Ziroweke usiku kucha, na zisipite saa 24, kwa kuwa mbegu iliyozama hukosa hewa ikaoza. Karela ni gumu zaidi: punguza kidogo ukingo wa ganda kwa kikata kucha, bila kugusa kiini, ndipo uroweke. Kisha zichuje, uzitandaze kivulini hadi zisigandame vidoleni, na uzipande siku hiyo hiyo katika udongo uliokwisha kulowa, kwani mbegu iliyoamshwa ikitiwa katika udongo mkavu hufa.

Bi Mkubwa wa Bamburi:
Nakubaliana na Mzee, ila hakuuliza ni maji gani. Visima vingi vya kwetu vina chumvi, na chumvi huzuia mbegu kunyonya maji, hivyo kuroweka humo kwaweza kudhuru kuliko kufaa. Tumia ya mvua au ya mfereji. Ama saladi, sidhani kwamba kuoza ndiko chanzo. Joto la udongo likikaribia nyuzi 30, mbegu zake hulala, na zikiendelea kumwagiliwa zingali zimelala ndipo huoza. Zifunge katika kitambaa chenye unyevu, uziweke ndani ya friji kwa siku moja au mbili, kisha uzisie jioni chini ya kivuli cha makuti. Usizifukie ndani, kwani aina nyingi huhitaji mwanga ili ziote. Mwezi wa Julai utahangaika kidogo kuliko Machi.

Fundi Kitalu:
Naongeza tu kwamba mbegu zilizopakwa dawa ya rangi zisirowekwe, kwani dawa huoshwa ikatoka. Kwa tungule na kabeji, maji ya nyuzi 50 kwa dakika 25 hupunguza bakteria wa magonjwa, lakini bila kipimajoto usijaribu. Nyuzi chache zikizidi, umezipika.

Mkulima wa Kisauni:
Ahsanteni sana. Maji yangu yana ladha ya chumvi kwa mbali tu. Nitajuaje kama yanadhuru?

Bi Mkubwa wa Bamburi:
Ulimi si kipimo, mwanangu. Chukua mbegu 20 za mabenda za pakiti moja, uzifunge kumi kumi katika vitambaa viwili, kimoja uwe ukikilowesha kwa maji ya kisima na cha pili kwa ya mvua. Baada ya wiki moja, hesabu zilizochipua katika kila kitambaa.