Naomba ushauri: katoni za achari kutoka Lamu hadi Mombasa

Salaam aleikum wakubwa kwa wadogo. Natengeneza achari ya embe na ndimu hapa Lamu, natia kwenye chupa za glasi, chupa 12 kwa katoni. Mzigo hubebwa na punda hadi gatini, ukateremshwa botini, ukavuka hadi Mokowe, upande wa bara, hapo ukapakiwa basi la Mombasa. Kila kituo ni mikono mingine, na hamali huamua jinsi ya kuushika kwa kuutazama tu.

Shida ni katoni yenyewe. Chupa za duara huacha nafasi katikati, zinagongana. Unyevunyevu wa bahari nao hulainisha karatasi, katoni ya chini ikabonyea na ya juu ikalala ubavu. Nguvu ya katoni iko pembeni, kwa hiyo zikipangwa pembe juu ya pembe hustahimili uzito kuliko zikipishanishwa kama matofali. Lakini nani atapanga hivyo basi likikaribia kuondoka?

Nafikiria chupa 6 kwa katoni, vigawanyo vya kadibodi ndani, na alama za kimataifa za glasi, mwavuli na mishale ya juu, maana hata asiyejua kusoma huzielewa. Natamani pia matundu ya kushikia, ila hayo hupunguza nguvu ya katoni. Na katoni nyingi ndogo ni nauli zaidi.

Chupa za plastiki sizitaki, naiogopea ladha. Je, kreti za plastiki zinazorudi tupu zinalipa kwa njia hii? Aliyewahi kuzitumia tafadhali anieleze, hasa upande wa nauli ya kurudi.