Nimwombeje mtu mzima apunguze sauti ya simu ndani ya basi?

Msafiri wa Nyanda za Juu anauliza:

Salaam kwenu nyote. Ninasafiri mara kwa mara kwa basi kati ya Dar es Salaam na Mbeya, na tangu mabasi ya masafa marefu yaliporuhusiwa tena kutembea usiku mwaka 2023, mimi, kama watu wengi wenye shughuli za mchana, hupendelea safari ya usiku. Ninaomba ushauri wenu kuhusu sauti za simu. Basi likishatoka Mbezi tu, abiria mmoja hufungulia video fupi fupi bila vipokea sauti vya masikioni, mwingine husikiliza jumbe za sauti za kikundi cha familia moja baada ya nyingine, na wa tatu hupiga simu akiwa ameiweka kwenye spika ili amalize dakika za kifurushi kabla muda wake haujaisha. Tunafika Mikumi taa zimezimwa na watoto wamelala, lakini mazungumzo bado yanaendelea.

Kumwambia kijana mwenzangu si kazi ngumu. Shida yangu ni pale mwenye simu anapokuwa mtu wa umri wa mama yangu au baba yangu, kwa sababu nimelelewa kwamba mtu mzima hakemewi na mtoto, hata mtoto huyo awe na haki. Katika safari moja ya karibuni, mama aliyekaa kiti cha mbele yangu alizungumza na ndugu yake kwa spika kuhusu mgogoro wa shamba la urithi. Alitaja majina ya wanaogombana, fedha alizobeba kwenye mkoba wake, na kituo atakachoshukia kabla hakujapambazuka. Kelele zilinikera, lakini zaidi ya hapo nilimhofia, maana abiria wote tulikuwa tumeshajua mtu huyu ana nini na atakuwa peke yake wapi.

Ninyi mnatumia maneno gani katika hali kama hiyo, ili aliyekuzidi umri asione amevunjiwa heshima mbele za watu?

Konda wa Masafa anajibu:

Ndugu msafiri, ninakushukuru kwa kulileta jambo hili, kwa kuwa sisi tunaofanya kazi ndani ya mabasi tunakutana nalo kila siku. Mimi hulimaliza kabla gari halijaondoka stendi. Nikishahakiki tiketi, husimama mbele na kuwatangazia abiria wote wafunge mikanda, niwaeleze tutakaposimama kula, kisha niwaombe kwamba tukishapita Morogoro kila mmoja asikilize simu yake sikioni au kwa vipokea sauti. Tangazo likitolewa mapema linakuwa la watu wote, na hakuna anayeona kwamba amelengwa yeye. Baadaye, nikipita katikati ya viti na kukuta simu inapiga kelele, sina haja ya kumkosoa mtu. Huinama, nikamwamkia, nikasema, «Shikamoo mama, ninakukumbusha lile ombi letu la simu,» na mara nyingi hayo yanatosha.

Lipo jambo jingine ambalo abiria wengi hawalijui. Wazee wengi hawaweki spika kwa ubishi, bali kwa sababu hawasikii. Wengine simu zao ni vitochi vilivyokwishaingia vumbi kwenye tundu la sikioni, na wengine sauti ya sikioni imeshushwa mpaka mwisho bila wao kutambua, kwa sababu sauti hiyo hupanda na kushuka wakati mazungumzo yanaendelea, si wakati simu imetulia. Kuna mzee mmoja niliyemwomba anishikishe simu yake akiwa bado anazungumza, nikabonyeza kitufe cha pembeni mara kadhaa, nikamrudishia akaiweke sikioni. Alitabasamu, akaizima spika mwenyewe, na sikuhitaji kumwambia neno jingine. Kwa hiyo, kabla ya kumwomba mtu mzima apunguze sauti, muulize kwanza kama anasikia vizuri.

Na sisi wenye magari tuwe wakweli. Basi linalofungulia muziki na televisheni kwa sauti ya juu humlazimisha abiria kupiga kelele ili asikike na mtu wake, na konda wa basi hilo hana uso wa kumwambia mtu anyamaze.

Mkaazi wa Likoni anajibu:

Nawasalimu kutoka Mombasa. Mimi ninaliona jambo hili kwa namna nyingine, na naomba nieleweke vyema. Huku kwetu kuzungumza ni sehemu ya safari. Ndani ya matatu au juu ya feri mtu hutoa salamu, akauliza hali, akaingizwa katika mazungumzo ya watu asiowajua, na hakuna anayemwona kuwa amekosa adabu. Mamangu ana ndugu na wajukuu walioko Muscat, na simu yao ikija haiwi ya mtu mmoja, kwa kuwa kila aliye karibu hutaka kusikia sauti na kutoa salamu zake. Ukimwambia mama huyo aibane simu sikioni na kunong'ona, umemnyang'anya nusu ya furaha ya ile simu.

Nimesoma kwamba katika treni za Japani abiria huombwa wasipokee simu kabisa na wazizime milio yao. Ni desturi yao na ninaiheshimu, lakini sioni kwa nini tuihamishie kwetu. Jambo ambalo siwezi kulitetea ni zile video zinazofunguliwa kwa sauti ya juu, zikakatizwa katikati na kufuatiwa na nyingine, kwa sababu hapo hakuna jamaa anayejuliwa hali wala salamu zinazotolewa.

Mwalimu wa Fizikia, Dodoma, anajibu:

Ndugu yangu wa Likoni amegusa jambo la msingi, nami ninakubaliana naye kwamba sisi si watu wa kunyamaza safarini. Hata hivyo, mazungumzo ya abiria wawili walioketi pamoja na mazungumzo ya simu hayalingani masikioni mwa anayeyasikia. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, nchini Marekani, walichapisha matokeo ya majaribio ambamo watu walipewa kazi ya kuhitaji umakini huku wakisikia maneno ya watu wengine. Waliosikia upande mmoja tu wa mazungumzo walifanya vibaya zaidi kuliko waliosikia pande zote mbili. Maelezo yao ni kwamba akili ikisikia nusu ya maneno hujitahidi kubashiri nusu iliyokosekana, na kazi hiyo huifanya hata kama mwenyewe hataki. Ndiyo maana abiria anaweza kusinzia kando ya watu wawili wanaopiga soga, lakini akashindwa kulala kando ya mtu mmoja anayesema, «Ndiyo… hapana… ati alisema nani?»

Kwa hoja hiyo mtu anaweza kudhani kwamba spika ni afadhali, kwa kuwa pande zote mbili zinasikika. Kwa upande wa akili huenda likawa kweli, lakini yule aliye upande wa pili hajui kwamba anasikilizwa na basi zima. Mwenye simu ameridhia kusikika, ila mwenziwe hakuulizwa, na kwangu mimi hapo ndipo adabu inapokiukwa hasa. Anayeweka spika mbele za watu anapaswa walau kusema mwanzoni, «Nipo ndani ya gari na watu wanakusikia,» ili mwenziwe achague la kusema.

Kuhusu kupaza sauti, Mfaransa mmoja, daktari Étienne Lombard, alikwisha kueleza mwaka 1911 kwamba mtu aliyezungukwa na kelele huinua sauti yake bila kukusudia. Injini ya basi inatosha kuleta hali hiyo. Mzungumzaji hajisikii kuwa anapiga kelele, na ukimwambia «unapiga kelele» atakukatalia kwa moyo mweupe kabisa. Mwambie asogeze mdomo karibu na kinasa sauti kilicho chini ya simu na akikinge kwa kiganja. Atasikika vizuri huko aendako hata akishusha sauti, na maelekezo ya namna hiyo mtu huyapokea kama msaada.

Muuguzi wa Wodi anajibu:

Ninafanya kazi katika wodi ya wagonjwa wazima, na saa za kuona wagonjwa ndizo saa za simu. Ndugu husimama kando ya kitanda, wakapiga simu ya video kwa jamaa walioko mbali, wakazungusha simu ili kila mtu amwone mgonjwa, na katika kuzungusha huko wanawaonyesha pia wagonjwa wa vitanda vya jirani, mmoja akiwa na mpira wa mkojo, mwingine akiwa hajajifunika vizuri. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya ya mtu ni miongoni mwa zile zinazohesabiwa kuwa nyeti. Lakini hata kabla ya sheria hiyo, hakuna mzazi aliyetufundisha kumtazama mgonjwa asiyejiweza na kumwonyesha kwa watu.

Kubwa kuliko hilo ni taarifa za misiba. Kwa desturi zetu mtu hapewi habari ya kifo hivi hivi. Hutafutwa mtu mzima, akamkalisha, akamwandaa taratibu. Nimeshuhudia simu iliyokuwa kwenye spika ikileta habari hiyo katikati ya wodi, na mgonjwa wa moyo aliyekuwa amelala akiisikia kabla ndugu zake hawajapata nafasi ya kumkinga. Aliyepiga hakuwa na kosa lolote, kwani alidhani anazungumza na sikio la mtu mmoja.

Sasa nijibu swali la ndugu msafiri, kwa kuwa kuwaomba watu wazima ni sehemu ya kazi yangu. Kwanza, usiseme chochote wakati spika imewashwa, maana maneno yako yatasikika upande wa pili, na mtu mzima atakuwa ameaibishwa mbele ya jamaa yake pia. Subiri anyamaze kusikiliza, mguse begani kwa upole ikiwa mko jinsia moja, umwonyeshe kwa mkono kwamba unaomba neno. Pili, usianze na kero yako, anza na maslahi yake. Mimi husema, «Shikamoo mama, samahani kwa kukukatiza. Maneno yako yanafika mpaka kitanda cha mwisho, nami nisingependa mambo ya familia yako yajulikane na watu wasiohusika.» Sikumbuki mtu mzima aliyenijibu vibaya baada ya kuambiwa hivyo, kwa sababu hajaambiwa kwamba amekosa. Huyo mama wa shamba la urithi alihitaji maneno hayo hayo. Hofu uliyokuwa nayo juu ya usalama wake ndiyo hasa iliyokuwa sababu nzuri ya kumwendea.

Ninaongeza onyo kwa wote. Nimewasikia watu wakimtajia mtoto aliyeko nyumbani namba ya siri ya fedha za kwenye simu, kwa sauti, katikati ya foleni ya dawa. Wale matapeli wa «ile hela tuma kwenye namba hii» wanatusumbua vya kutosha bila sisi wenyewe kuwasaidia.

Ami wa Mkunazini anajibu:

Assalaam alaykum. Nitasema machache kutoka Unguja. Msikitini kwetu, imamu kabla ya kukabiri husema, «Nyoosheni safu, na simu zizimwe,» na hilo ndilo alilolifanya bwana konda kwa busara yake, kuwataja wote kabla hajakosea mmoja. Hata hivyo, simu hulia siku moja moja, na mwenyewe huiacha ilie mpaka mwisho akidhani kwamba akitia mkono mfukoni Sala yake itabatilika. Masheikh wetu wametueleza mara nyingi kwamba harakati ndogo ya kuizima inaruhusiwa, na ni bora kuliko kuishughulisha safu nzima.

Linalonisikitisha zaidi ni watu wanaomgeukia mtu huyo baada ya salamu na kumkaripia. Mtume, rehma na amani zimshukie, aliwazuia Masahaba wasimkaripie bedui aliyekojoa ndani ya msikiti, akaamuru pamwagiwe maji, kisha akamfundisha kwa upole. Ikiwa hilo lilisamehewa, simu ya mzee aliyesahau inastahili nini?

Msafiri wa Nyanda za Juu anaandika tena:

Ninawashukuru sana. Nimenufaika hasa na ushauri wa muuguzi wa kutozungumza wakati spika imewashwa, jambo ambalo sikuwa nimelifikiria hata kidogo, na ule wa konda wa kuuliza kwanza kama mtu anasikia. Kwa ndugu wa Likoni, nami sitaki basi la kimya. Ninataka tu kwamba baada ya taa kuzimwa, mwenye kulala aweze kulala. Limebaki swali moja kwa konda: nifanye nini katika basi ambalo tangazo halikutolewa, na konda mwenyewe ndiye anayetazama video kwa sauti?

Konda wa Masafa anajibu:

Hapo usishindane naye gari likiwa mwendoni. Subiri kituo cha kula, umweleze akiwa chini, pembeni, bila abiria wengine kusikia. Akikataa, zungumza na dereva, kwa sababu dereva anahitaji utulivu usiku kuliko mtu yeyote humo ndani, na neno lake halipuuzwi. Nami nitamwomba mwenye gari letu aruhusu ombi la simu lichapwe nyuma ya tiketi, chini ya maelezo ya mizigo, ili abiria awe na kitu cha kumwonyesha jirani yake hata kama konda amesahau kutangaza. Muuguzi, kwa idhini yako, nitayatumia yale maneno yako kwa mama na wazee wangu safari ijayo.