Kutolewa wengu, halafu Kisumu Desemba

Shikamooni wakubwa, habari zenu wote. Vidonge vimeshindwa kupandisha chembe sahani zangu (zile za kugandisha damu), na daktari hapa Leicester, Uingereza, amependekeza wengu (bandama) utolewe kwa matundu madogo. Krismasi nataka niwe kwetu Kisumu. Kuna aliyepitia?

JIBU:

Dada, pole sana. Mimi ni muuguzi wa wadi ya upasuaji huku Uingereza, na kwetu pia ni Kisumu.

Upasuaji wenyewe usikutie hofu. Wanatoboa matundu machache, wanaingiza kamera, wengu unatiwa mfukoni humo humo tumboni, unakatwakatwa na kutolewa. Wengi hurudi nyumbani baada ya siku chache. Chembe sahani zikiwa chini sana watazipandisha kwanza, mara nyingi hadi 50,000 hivi. Mtu mwenye afya ana 150,000 hadi 450,000 kwa kila mikrolita (tone dogo sana) ya damu. Uliza kama watatafuta wengu mdogo wa ziada, maana ukiachwa ugonjwa unaweza kurudi. Takriban wagonjwa wawili kati ya watatu hupata nafuu ya muda mrefu. Kama hujamaliza mwaka tangu ugundulike, uliza kwa nini wasisubiri, kwani wapo wanaopata nafuu bila kisu.

Kinachonitia wasiwasi ni hiyo Desemba. Wengu ndio unaochuja chembe nyekundu za damu zilizoingiwa na vimelea vya malaria. Usiseme nimekulia Kisumu, nimezoea: kinga hiyo hufifia ukikaa nje miaka, na bila wengu malaria huwa kali upesi. Ukanda wa ziwa, Kisumu, Siaya, Homa Bay, Busia, ndio wenye malaria nyingi kuliko kwingine Kenya. Nakuru iko juu na baridi, hatari ni ndogo kuliko Kisumu. Kama wazee wanaweza kusafiri, wakutane nawe huko. Ukisisitiza Kisumu, dawa ya kuzuia malaria umeze kabla, ukiwa huko na baada ya kurudi, na chandarua kila usiku.

Wengu hukukinga na bakteria pia, kwa hiyo chanjo za nimokokasi (bakteria wa nimonia), homa ya uti wa mgongo na Hib (bakteria mwingine hatari) zipate angalau wiki mbili kabla ya upasuaji. Omba pia antibayotiki za akiba za kubeba safarini.

Joto likipanda, hata saa nane usiku, usimeze Panadol ukangoja kupambazuke. Meza antibayotiki ya akiba, nenda hospitali, na neno la kwanza mlangoni liwe: sina wengu. Kipimo cha malaria kikiwa safi, usikubali kurudishwa nyumbani, kwa sababu bakteria wanaweza kukumaliza ndani ya siku moja au mbili.