Naomba ushauri: nielezeje mwisho wa dola ya Malkia Arwa wa Yemen?

Habari zenu wanajukwaa. Naandaa somo la kidato cha tano kuhusu Arwa binti Ahmad, malkia wa Yemen aliyefariki 1138, na nimekwama kwenye anguko la ukoo wake, Wasulayhi.

Utawala wake haunipi shida. Mumewe, al-Mukarram, alipopooza, Arwa alishika hatamu, na hotuba ya Ijumaa ikataja jina lake, ishara ya kutambuliwa kama mtawala. Husimuliwa kwamba alimwomba mumewe awakusanye watu wa Sanaa, mji mkuu wa wakati huo. Zikaonekana panga zikimeremeta. Wakakusanywa watu wa Jibla, nao wakaja na kondoo na vyombo vya samli na asali. Akasema ni heri kuishi na hawa, na makao makuu yakahamia Jibla. Kisa hiki siwezi kukiacha, kinaonyesha akili yake kuliko orodha ya vita.

Sasa anguko. Wanawe wa kiume walifariki kabla yake. Sanaa ikachukuliwa na Wahamdani, ukoo mwingine wa Yemen, na Aden, iliyokuwa ikimletea kodi, ikaponyoka. Baada ya al-Amir, khalifa wa Kifatimi wa Misri ambaye Wasulayhi walimtii, kuuawa Kairo mwaka 1130, Arwa alimuunga mkono al-Tayyib, mwanawe mchanga al-Amir, akaachana na Kairo iliyomtawaza mwingine. Alipofariki dola ilikwisha, lakini madhehebu yake, tawi la Waismaili wa Kishia waliomfuata al-Tayyib, yalidumu. Mabohora wa Mombasa na Zanzibar wanatokana nayo.

Walimu na wapenzi wa historia, mngetanguliza lipi: kukosa mrithi, kupotea kwa Aden, au mgogoro wa Kairo? Na je, ni haki kuliita anguko?