Kazi ya haki za binadamu tunaipimaje? Wadau karibuni

Mwenye mada, Arusha: Habari za jioni wadau. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapa kwetu tangu 2007, na asasi za haki mjini hazihesabiki. Kila mwaka ripoti ni zilezile: semina, karatasi ya mahudhurio, picha ya pamoja mbele ya bango. Juni 2013 mahakama hiyo iliamua kesi ya Mchungaji Mtikila dhidi ya Tanzania, ikasema kumzuia mgombea binafsi, yaani asiye na chama, ni kukiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Chaguzi kuu tatu zimepita, mgombea binafsi hayupo. Ripoti zinauita uamuzi huo ushindi. Mimi naona deni.

Msaidizi wa kisheria, Moshi: Kaka, semina nakuachia, hata mimi zinanichosha. Ila hata kazi ya kweli haipimiki kirahisi. Kuna mjane aliyekuwa anafukuzwa na shemeji zake kwenye kihamba, shamba la ukoo lenye nyumba. Tulikaa na ukoo, wakakubali abaki, wakatia saini, nikajaza fomu: shauri limefungwa, suluhu. Nilipopita baada ya msimu, mama yumo ndani ya nyumba yake, kahawa kavuna shemeji. Fomu haina pa kuandika hilo.

Mwanafunzi wa sheria: Tusisahau matunda yanayochelewa. Novemba 2015 mahakama hiyohiyo ilisema mfungwa aliyehukumiwa kifungo cha miaka 30 alistahili wakili wa bure. 2017 Bunge likapitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria, ndiyo inayowatambua wasaidizi wa kisheria kama dada wa Moshi hapo juu.

Mwenye mada: Mdogo wangu, asasi zilikuwa zimeidai sheria hiyo kitambo. Sifa unampa nani? Kila mmoja ataiweka kwenye ripoti yake. Na idadi ya kesi nayo inadanganya: Novemba 2019 serikali ilijitoa kwenye tamko lililoruhusu mtu binafsi na asasi kufungua kesi moja kwa moja. Kesi mpya za Watanzania zikipungua, tuseme tumeacha kuonewa?

Mimi nataka kila shauri lifuatiliwe mwaka mmoja baada ya kufungwa, mwenyewe aulizwe.

Msaidizi wa kisheria, Moshi: Naunga mkono. Sasa niambie nauli ya kurudi kwa huyo mama anatoa nani, maana mradi umeisha na bajeti ya bango ilikuwepo.